Karatasi Mbili za Bonde la Yaghnob

Nilizinunua Dushanbe, kwa muuza vyuma chakavu,
zimekunjwa pamoja ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Akataka bei ya kilo moja ya misumari. Nikampa.

Ya kwanza ni ya mwaka arobaini na tisa.
Kontua zimesongamana, za kahawia,
kama nywele zilizosukwa kwa hasira,
na pale mto unapopinda, miraba myeusi kumi na saba,
midogo kuliko chawa. Kila mraba nyumba.
Nikahesabu kwa ncha ya sindano hadi wa kumi na moja:
hapo ndipo alipozaliwa baba,
juu ya ngozi ya kondoo, theluji imeziba mlango.

Skeli yasema sentimita moja ni kilomita moja.
Kutoka kwetu hadi barabarani, sentimita ishirini na mbili.
Bibi Niyozmo alizitembea siku mbili,
gunia la chumvi mgongoni, mimba ya baba mbele.
Hilo halina alama kwenye ufunguo.

Ya pili ni ya mwaka sabini na nne.
Milima ni ileile, haikusogea hata mstari;
nani angeipakia kwenye helikopta?
Waliopakiwa ni watu. Walishushwa tambarare, kwenye pamba,
na joto likawamaliza wazee kabla ya mavuno ya kwanza.
Penye miraba sasa ni peupe,
na neno moja kwa herufi za kulala: magofu.
Jina la kijiji halipo.
Mtu fulani, mezani, alilikwangua kwa wembe,
akapuliza vumbi,
akaenda kunywa chai.

Lakini alisahau njia.
Vidoti vyake bado vinapanda kutoka mtoni,
vinakata kona mbili, vinafika penye weupe,
vinakoma.
Nani huchora njia iendayo kwa asiyekuwepo?

Nikamtandikia baba zote mbili,
yeye aliyerudi mwaka themanini na tatu
kwa njia hiyohiyo, na mbuzi watatu, bila ramani.
Akavaa miwani. Akatazama hadi chai ikapoa.
Nilidhani analia.
Kisha akaigonga ile ya kwanza kwa kucha:
"Waongo hawa. Chemchemi iko upande huu
wa nyumba ya Saidmurod."

Akaomba penseli.