Kuupanda Mfongo

Kibosho, saa mbili asubuhi, baridi imeng'ang'ania dirishani.
Padri Melkiori anafuta ubao kwa mkono wa kanzu,
chaki inabaki kwenye kiwiko kama majivu ya Jumatano
yaliyokosa paji la uso.
"Kila kinachosogea," asema, "kimesogezwa.
Ninyi hamkujiamsha: kengele iliwaamsha.
Kengele nayo ilivutwa na Frateri Kandidi.
Na Frateri Kandidi je, nani alimwamsha?"
"Kibofu, Padri," akajibu Kandidi,
na falsafa mwaka wa kwanza wote tukacheka
hadi mlima ukachungulia kutoka kwenye wingu.

Pembeni mwa daftari, penye Kilatini kisichokaa kichwani,
niliandika kwa penseli:

Maji yashuka mfongo, yametoka juu kule,
Na kule yana mlango, yatoka juu ya pale,
Nikauvuka ukingo, nikapanda juu, mbele,
Nitaishia na bongo, au chemchemi ile?

Mtihani ulikuwa wa mdomo, dakika kumi na tano,
kitambaa cha kijani mezani, na glasi ya maji
ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa.
Nilithibitisha kwamba Mungu yupo.
Nikapata kumi na nane kati ya ishirini.
Mbili zilikatwa kwa kuharakisha.

Likizo nikashuka hadi Moshi mjini
ndipo nikapanda tena, kwenda kwetu Kilema;
mlimani huwezi kumfikia jirani
bila kwanza kuteremka.
Shangazi Eufrasia alikuwa akimenya ndizi za mtori.
Nikamweleza hoja yote, safari hii bila haraka.
Akasikiliza. Akamtupia mbuzi ganda.
"Na huyo uliyemthibitisha," akauliza,
"mwenyewe alifurahi?"

Alhamisi ilikuwa zamu yetu. Maji hayakuja.
Nikabeba jembe, nikaupanda mfongo.
Kwa Mariki, pakavu. Kwa Temba, pakavu,
vyura wamekaa kwenye tope kama wanaosubiri hukumu.
Kwa Apolinari nikasikia maji kabla sijayaona:
amekata gogo la mgomba, ameliziba,
maharage yake yanakunywa Alhamisi yetu.
Kumbe chanzo cha ukame wetu kina jina la ubatizo.

Tangu ile kesi ya mpaka hakuwahi kutusalimu,
hata siku tulipomzika baba.
Nilimwita mwizi, kwa Kichagga,
maana Kilatini hakina ukali huo.
Jembe likainuka.
Padri, hilo nani alilisogeza?
Nikavunja boma lake la matope,
kisha nikaukata mche wa kahawa uliokuwa kando,
mche mchanga, usio na kosa lolote.
Apolinari alisimama tu, ameshika kofia yake.

Usiku nilijitetea kitandani, hoja, pingamizi, jibu,
haki ya kumpa kila mtu kilicho chake.
Nilishinda. Sikulala.

Alfajiri nafungua mlango: jani la isale
limefungwa fundo, limelazwa kizingitini,
bado lina umande.
Mimi ndiye niliyekata mche.
Mimi ndiye niliyesoma.
Isale lilikuwa langu kulipeleka,
na lilikuwa limeshafika.
Shangazi akaja nyuma yangu, akalitazama kwa muda mrefu.
"Hilo halikataliwi," akasema. "Inama uokote."

Nikaliokota kwa mikono miwili,
kama tunavyofundishwa kupokea kitu kingine.

Sasa limekauka ndani ya daftari,
limeacha doa la kahawia juu ya hoja ya kwanza
na sioni vizuri palipoandikwa *kwa hiyo*.
Jumamosi ile tulizibua pamoja, mimi na Apolinari,
hatukuongea zaidi ya "vuta" na "ngoja."
Juu ya kihamba chake mfongo unaingia msituni.
Nilimuuliza kama amewahi kufika unakoanzia.
Akatikisa kichwa.
Tukasimama, miguu ndani ya maji,
tukisikiliza.