Mkono wa Kushoto

Miaka sitini na mitatu mkono wa kushoto wa Makame
ulijua adabu zake.
Haukugusa wali. Haukupokea chenji.
Msikitini ulikaa juu ya paja, kimya,
kama mtoto aliyekwisha kuonywa.

Kisha Jumanne moja ya Februari, kiharusi;
na siku ya tano, akinywa supu ya hospitali isiyo na chumvi,
mkono ule ukaamka peke yake.
Ukalipiga bakuli, ukalivuta pazia,
ukamvua Daktari Threlfall miwani.
Makame akautazama
kama umtazamavyo jirani anayetukana hadharani.
"Samahani," akasema. "Si mimi."

Tulionyeshwa picha ya ubongo.
Doa jeupe, dogo kama punje ya dengu.
Hapa, alisema daktari, palikuwa na breki.
Dengu! Mimi nachambua dengu kila Ijumaa,
moja ikidondoka chini ya friji
siinami kuitafuta.

Basi mkono ukawa na mambo yake.
Kituoni, Barabara ya Beverley,
ukasimamisha basi ambalo hatukulitaka.
Dereva akafungua mlango, akangoja.
Nikaona haya, tukapanda.
Tukafika Cottingham, tukanywa chai, tukarudi Hull na mvua yetu.
Ulimsalimu kasisi. Ulisalimu njiwa.
Uliaga jeneza la mtu tusiyemjua,
na wafiwa ndani ya gari wakarudisha salamu.
Nikamwambia: deni la miaka sitini, Makame,
linalipwa kwa mkupuo.
Alicheka. Halafu akalia,
maana bega lilikuwa likiwaka moto
na kiwiko kimechubuka kila upande.

Usiku tu.
Usingizi ukimchukua, nao ulilala,
kiganja juu, vidole vimelegea,
na mimi macho makavu, nikiuangalia.
Niliwahi kuugusa, taratibu, kuhakikisha.
Hakuna aliyenieleza
usingizi unapata wapi breki
ambayo mchana hauna.

Vidonge vilianza Machi. Nusu asubuhi, nusu jioni.
Wiki ya pili mkono ulishusha hasira:
kurusha kukawa kupepea,
kupepea kukawa vidole tu vinachezacheza
kama vinahesabu tasbihi isiyokuwepo.
Lakini na Makame naye akapungua.
Alisinzia juu ya uji. Uso ukawa ukuta wa chokaa.
Nikamwambia mjukuu ameota jino,
akajibu "Vyema," kama karani.
Nikampigia simu Threlfall:
nilikuomba uutulize mkono,
mbona umemzima na mwenyewe?
Dozi ikapunguzwa. Mkono ukarudi kidogo,
yeye akarudi kidogo,
tukapatana hapohapo, kama watu wa mnadani.

Kufikia Agosti vidonge tuliviacha, na haukuruka tena.
Wengine hutulia hivi, daktari alisema, wengine hapana,
na hakujifanya kujua sababu.
Nilimpenda kwa hilo.

Kilichobaki ni ngumi.
Ilikuja polepole, majira ya baridi,
kidole gumba kikijikunja ndani ya wenzake
kama kobe aliyeguswa.
Kila miezi mitatu Bronagh humdunga sindano kwenye kigasha,
humhadithia habari za mbwa wake ili asiangalie,
na baada ya siku kumi hivi ngumi hulainika.
Hufunga vifungo vya kanzu. Hushika gazeti.
Kisha, wiki ya kumi na moja, mkono huanza kuingia mfukoni.
Anadhani sijui.
Dukani hunipa pochi nifungue mimi,
huku akisoma bei ya biskuti kwa makini sana.

Jana ilikuwa wiki ya saba.
Nilikuwa dirishani, naangalia theluji ikishindwa kuganda,
akaja na kikombe, akaninyooshea
kwa mkono wa kushoto.
Mama yangu angekataa kukipokea.
Nilikipokea kwa mikono miwili.
Chai nusu ilikuwa sahanini.