Kutu ya Pumzi

Saa kumi na mbili asubuhi, Barka, mwezi wa nane.
Biju anashuka na chupa ya chai isiyo na chai:
ndani mna ovari za mbuzi kumi na tisa,
zinaelea kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili
kama maharage yaliyolowekwa tangu jana.
Machinjioni, ananiambia, wamemcheka tena.
Wenzako wanagombea maini, wewe hizo?

Makala ninazosoma zote zinasema nguruwe.
Yai la nguruwe, saa arobaini na nne,
tumbo jeusi kwa mafuta, linaungua upesi.
Hapa nguruwe hayupo, hata wa mfano.
Nakata jina lake kwa kalamu, naandika mbuzi,
napunguza saa, naanza upya.

Sindano, kivimbe, vuta polepole.
Yai linatoka limejifunika wingu lake,
seli juu ya seli,
limekaa ndani kama mwali
ambaye hakuna aliyemwambia anangoja nini.

Na adui ni hii hewa.
Tumboni ilipimwa kijiko kwa kijiko;
mezani kwangu ni ya bure, imejaa chumba,
na kila pumzi inayolipa yai nguvu
inaliachia cheche moja isiyo na mwenzake,
inazurura humo ndani ikitafuta wa kumpora.
Kikulacho ki nguoni mwako:
iliandikwa kwenye kanga ya mama,
ile aliyofungia sufuria tulipohamia Maskati.
Miaka yote nilidhani anawasema majirani.

Lango letu la Seeb limeliwa na kutu,
si kwa mvua (mvua iko wapi?),
kwa upepo wa chumvi na subira yake.

Nimeweka sahani nne, mayai arobaini kila moja.
Ya kwanza tupu.
Ya pili, vitamini C.
Ya tatu, melatonini, homoni ya usiku.
Ya nne ni yangu mwenyewe:
maji ya maganda ya komamanga ya Jabal Akhdar,
nimeyachuja mara tano,
nimeyamimina kwa mkono wa mtu mwenye hamu.
Daktari Muzna alinitazama juu ya miwani.
"Yai ni wali," alisema. "Moto mwingi, unaungua.
Wewe unapunguza moto, au unazima jiko?"

Mwaka jana, hospitalini,
mwanamke mwenye glavu za zambarau
aliniambia mayai yangu yamechoka.
Nina miaka thelathini na tisa.
Sikuuliza yamechoka kwa kazi gani.

Saa ishirini na sita zimetimia. Nafungua kiatamizi.
Rangi ikishaingia, yaliyoteseka huwaka kijani.
Sahani tupu inawaka kama mtaa wa Idi,
na uzuri wote ule ni msiba.
Ya vitamini, hafifu.
Ya melatonini, hafifu zaidi, na nikisogeza hadubini
naona kwenye ukingo wa yai tone dogo,
kama kifungo kilichochomoka shatini:
ishara ya kuiva. Nahesabu thelathini na moja.

Kisha ya komamanga.
Giza. Hakuna hata cheche.
Nilipiga kofi moja peke yangu, nikaona haya.
Nikatafuta matone.
Nikatafuta tena, kutoka kushoto.
Hakuna.
Arobaini mabichi, yametulia, safi kabisa,
hayakuguswa na kutu wala na kitu kingine chochote.

Kumbe cheche moja mbili zilikuwa na kazi yake.
Kumbe mwali hatolewi ndani
na nyumba isiyowasha hata taa.

Nilikaa hadi kiyoyozi kikajizima.
Sikumwita Daktari Muzna, atasoma mwenyewe.
Juu ya kifuniko nimeandika kwa wino mweusi:
punguza mara kumi.
Chini yake, kwa herufi ndogo, kwa sababu nafasi iliisha:
Biju, Jumapili, leta nyingine.