Goli la Saba

Timu yetu ya magongo, ya pale chuo Tunguu,
Mimi nalilinda lango, godoro hadi maguu,
Hatuna kocha, mpango, wala jezi ya nafuu;
Ligi ni ya kanisani, na sisi waalikwa tu.

Gongo langu ni mpera, Pandu ndiye kalichonga,
Kwa ujira wa sigara, na kilo moja ya unga,
"Limepinda." "Ndiyo bora, mpira hautachenga."
Mpira ukanichenga, mara ya kwanza, na tena.

Kengele ndiyo filimbi, refa Padri Remijio,
Kila rafu kwake dhambi, hukuvuta kwa sikio,
Ikiadhiniwa, vumbi latua, twaacha mbio;
Twarudi na udhu wetu, twatiwa goli la saba.

Gongo lake Felisita lanifika kifundoni,
Mbiombio akapita, hadi Malindi dikoni,
Barafu akaileta, ya samaki, mfukoni;
Yanuka changu na nguru. Kanikanda taratibu.

"Wapo," kasema, "wenzetu, huucheza barafuni."
Nikacheka: "Hapa kwetu, itayeyuka njiani."
Ikalowesha viatu, ikamwisha mkononi.
Mkono ukabakia; kengele sikusikia.