Dakika ya Sabini na Moja

Kompyuta ya mizani haijui picha.
Ukiifungulia ukurasa wenye rangi inazimia
kama mgeni aliyepanda Mlima Rungwe bila kupumzika.
Inachoweza ni maandishi, meupe juu ya weusi,
na kishale kinachopepesa kona ya chini
kikisubiri niseme neno.

Basi nimeifundisha neno moja: matokeo.
Naandika, nabonyeza, linakwenda Sumbawanga
kwa uzi mwembamba wa mtandao uliopenya ukungu wa Tukuyu,
linarudi na mstari mmoja:

    52'   WENYEJI 1 – 0 WAGENI

Wageni ndio sisi.

Mafundi huliita neno hilo amri.
Mimi naona ni ombi.
Nimeamuru mara arobaini tangu saa kumi
na mpira haujanitii hata mara moja.

Dirishani gunia la mwisho la majani liko kwenye ndoano,
kilo thelathini na mbili na nusu.
Karani mwingine angeikata ile nusu;
Bi Tupokigwe anaijua nusu yake, ameikazia macho.
Namwandikia. Narudi kwenye kishale.

Kila baada ya magogo sita ya mkaratusi
Mwasomola anaacha tanuri, anakuja hadi mlangoni,
nyusi zina majivu, glavu moja mkononi, nyingine kwapani.
Haingii, kwa sababu ya matope.
"Vipi?"
"Bado moja bila."
"Si nyingi," anasema, anarudi motoni.

Mwanawe, Ambakisye, ndiye kipa wetu.
Alijifunza kudaka kwa glavu kama hizo,
za tanuri, zimemfika viwikoni,
akiruka kwenye lundo la majani yaliyokataliwa.

    71'   MABADILIKO: anatoka 1, anaingia 22

Nasoma tena. Herufi haziongezi kitu.
Hazisemi bega wala goti,
hazisemi kama ni machela, au alitoka kwa miguu yake
akiwatukana mabeki.
Moja. Ishirini na mbili.
Matokeo. Matokeo. Vidole vinateleza: matoke,
na mashine, hapa Tukuyu, katikati ya migomba,
inajibu kwa adabu kwamba haijui matoke.

Magogo sita yameungua. Nasikia buti.
"Vipi?"
"Moja bila," nasema, na ni kweli, kila tarakimu.
Haondoki.
"Na Ambakisye?"

Kishale kinapepesa.

Ndipo anaingia, na matope yake,
mwaka wa saba nikiwa karani hapa, mara ya kwanza.
Anavua glavu. Anauliza nabonyeza wapi.
Kidole chake kinafunika vitufe viwili;
anabonyeza taratibu,
kama anayebisha hodi kwa mtu asiyetaka kumwamsha.

    78'   WENYEJI 1 – 1 WAGENI

Hapa ndipo watu hupiga kelele.
"Tumesawazisha," nasema.
"Nimekuuliza mtoto," anasema,
na nyuma yake, kupitia mlango alioacha wazi,
sauti ya tanuri inashuka, inaanza kupoa.