Vifungo

Kampuni haina makalio ya kukalia benchi hili.
Ina muhuri, ina anwani, ina mawakili wanne
waliokuja na maji yao ya chupa.
Aliyekaa ni Deolinda, karani wa hesabu,
miaka kumi na tisa kiwanda cha vizibo, nje ya Porto,
koti la kuazima, vifungo vimepishana.

Hakimu anauliza: saini hii ni yako?
Ni yake. Mkia wa herufi ya mwisho umepinda
vile vile walivyomfundisha watawa.
Ankara ya gome la mwaloni ambalo halikubanduliwa,
la shamba ambalo halipo.
“Niliambiwa nitie, nikatia.”

Mimi nimesimama na hoja saba
na tumbo linalonguruma.
Wenzetu walishalipa faini asubuhi,
wakapewa risiti, wakapeana mikono.
Kampuni imetubu kwa hundi.

Mapumziko, ukumbini, karibu na mashine ya kahawa iliyoharibika,
Deolinda ananinong'oneza:
“Nikifungwa, nani atafunga hesabu za mwezi?”

Sikumjibu.
Niliinama nikamfungua kifungo cha juu,
kile cha kwanza, kilichopotosha vyote,
nikakirudisha kwenye tundu lake.