Thumuni ya Sekunde

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, hapa Tartu,
tunakutana katika kiwanda kilichokuwa cha nyuzi:
watu wa programu kumi na tisa, theluji ikipungua ishirini na mmoja,
viatu tumevivua mlangoni, soksi zinatoa mvuke,
na Taavet, kama kawaida yake, anatafuta waya
wa kuunganisha kompyuta ya leo na projekta ya juzi.
Piza imefika kabla ya waya. Piza hushinda daima.

Zamu yangu. Majuma matatu sikulala vizuri
nikiisafisha filamu kuukuu ya vikaragosi:
mbweha wa sufu anayetafuta kofia yake msituni,
dakika kumi na moja, picha ishirini na nne kila sekunde,
na kila picha na vumbi lake, mikwaruzo yake,
unywele ulionasa kwenye lenzi kabla sijazaliwa.
Nikaandika programu ya kulinganisha picha na jirani zake:
kilichopo hapa, ambacho nyuma hakikuwapo
na mbele hakitakuwapo,
hicho ni uchafu. Kifute.
Mistari mia mbili na ushei. Niliipenda
kama mtu apendavyo kisu alichokinoa mwenyewe.

Kushoto, kabla. Kulia, baada.
Mbweha wa kushoto anatembea katika mvua ya mchanga,
wa kulia ametoka kuoga.
Wakapiga makofi. Mmoja akauliza inakula kumbukumbu kiasi gani,
mwingine akauliza swali ambalo halikuwa swali
bali habari za kazi yake mwenyewe
(kila mkutano una huyu),
kisha mkono ukapanda kule nyuma, karibu na makoti.

Bibi Helve. Nilidhani amefuata joto tu.
"Nzi wangu yuko wapi?"

Ukumbi ukacheka kidogo. Sisi kosa la programu twaliita mdudu,
na huyu hapa anadai arudishiwe wake.
Yeye hakucheka.
Ilikuwa Julai, alisema, taa zinachoma kama pasi.
Nasogeza mguu wa mbweha, unene wa ukucha,
najitoa, Kaljo anapiga picha, narudi,
unene wa ukucha tena.
Kutwa nzima tunapata sekunde nne.
Nzi akaingia dirishani, akatua puani kwa mbweha.
Kaljo akanong'ona: usimfukuze.
Picha moja. Mbili. Tatu. Akaruka.
Tulicheka hadi tukakaa chini.
Kiumbe pekee katika filamu ile
aliyejisogeza mwenyewe.

Kidole kimoja hakivunji chawa, husemwa.
Changu kimoja, juu ya kitufe kimoja,
kilimfuta nzi wa miaka arobaini na minne
bila hata kumwona.

Nilirudi nyumbani, nikafungua nakala chafu,
dakika ya nne, sekunde ya kumi na nane,
nikapekua picha moja moja kama mtu achambuaye mchele.
Alikuwapo. Doa lenye mabawa,
fundo la uzi juu ya pua ya sufu.
Nikaongeza mstari katika programu,
mstari mbaya, wa kulazimisha,
ambao ningemkemea mwanafunzi kwa kuuandika:
hapa usiguse.
Na kando yake, kwa atakayekuja kuusoma:
muulize Helve.

Machi, sinema ndogo kando ya mto uliokuwa bado barafu.
Watoto, harufu ya machungwa, kanzi za makoti zikilia zipu.
Nilikaa nyuma ya Helve nikihesabu moyoni.
Mbweha anainama. Pua. Sasa:

thumuni ya sekunde,
sarafu iliyodondoka ikaokotwa
kabla haijalia sakafuni.

Helve alikuwa amelala, mdomo wazi, kofia magotini.
Sikumwamsha.
Mstari wa mbele, mtoto mmoja
alijikuna pua.